Mabadiliko ya jeni na lukemia kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mgonjwa, mzazi, ndugu, na yeyote aliyeshika ripoti ya maabara iliyojaa herufi na namba asizozielewa. Daktari anayemtibu mgonjwa ndiye anayejua hali yake. Ukurasa huu unakusaidia kumuuliza maswali yenye uzito na kuyaelewa majibu yake.

Lukemia kali ni nini, na jeni zinaingia wapi?

Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Humo mna seli shina zinazogawanyika na kukomaa hatua kwa hatua hadi kuwa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Katika lukemia kali, seli moja hukwama njiani. Haikomai, haifi wakati wake ukifika, na inaendelea kugawanyika. Seli zinazotoka kwake hubeba kasoro ileile, nazo huzaa nyingine, mpaka seli hizo changa, ziitwazo blasti, zinajaa ndani ya uboho na kuzinyima nafasi seli nzima. Ndiyo maana mgonjwa huishiwa damu, hupata homa za mara kwa mara, na hutokwa na damu puani au kwenye fizi. Yote hayo huweza kutokea ndani ya wiki chache.

Kasoro inayoikwamisha seli imo ndani ya DNA yake. Kwa hiyo lukemia ni ugonjwa wa jeni tangu mwanzo wake, hata pale ambapo hakuna mtu mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua.

Aina kuu ni mbili. Lukemia kali ya limfoblasti hutokea kwenye seli zilizokuwa ziwe limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, na ndiyo saratani inayowapata watoto zaidi kuliko nyingine yoyote. Lukemia kali ya mieloidi hutokea kwenye tawi jingine la damu na huwapata zaidi watu wazima, hasa wenye umri mkubwa.

Badiliko la jeni ni kitu gani hasa?

DNA ya binadamu ina takriban herufi bilioni 3 zilizopangwa katika kromosomu 46, na ndani yake mna jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Kila seli inapogawanyika, herufi zote hizo hunakiliwa upya. Mwili una vimeng'enya vya kukagua nakala na kurekebisha makosa, navyo hufanya kazi yao kwa umakini wa ajabu. Lakini uboho huzalisha mabilioni ya seli kila siku, na makosa machache hupenya. Mengi hayana madhara yoyote.

Yenye madhara huja kwa sura mbalimbali. Herufi moja inaweza kubadilika. Kipande cha jeni kinaweza kupotea au kujirudia. Kromosomu nzima inaweza kuongezeka au kukosekana. Kisha kuna jambo linaloonekana katika lukemia kuliko katika saratani nyingi nyingine: kromosomu mbili hukatika, na vipande vyake vikaunganishwa visivyo, hivi kwamba nusu ya jeni moja inashikana na nusu ya jeni nyingine. Hapo huzaliwa jeni mseto, inayotengeneza protini ambayo mwili haukuwahi kuwa nayo.

Mwaka 2013, mradi mkubwa wa Marekani wa kuchunguza DNA za saratani ulitoa matokeo ya watu wazima 200 wenye lukemia kali ya mieloidi. Kila mgonjwa alikuwa na wastani wa mabadiliko 13 tu ndani ya jeni zake. Saratani ya mapafu au ya ngozi hufikisha mamia. Lukemia haihitaji makosa mengi. Inatosha machache yaangukie mahali pabaya.

Je, tumemrithisha mtoto wetu ugonjwa huu?

Kwa idadi kubwa ya wagonjwa, hapana. Ningependa kila mzazi alisome jibu hili kabla ya mengine, maana nimeona jinsi hatia isiyo na msingi inavyowala watu wakati wanapohitaji nguvu zao zote. Badiliko lilitokea katika seli moja ya damu baada ya mimba kutungwa. Halimo kwenye ngozi ya mgonjwa, wala kwenye ini lake, wala kwenye mayai au mbegu za kiume, hivyo naye hawezi kuwapa watoto wake. Na lukemia kali haiambukizwi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja.

Zipo familia chache ambamo hatari hurithiwa. Anayezaliwa na kasoro kwenye jeni TP53, iliyo mlinzi mkuu wa DNA, huwa katika hatari ya saratani za aina nyingi, lukemia ikiwamo. Jeni RUNX1 ikiwa na kasoro ya kurithi, watu wa ukoo huo mara nyingi huwa na chembe sahani pungufu kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa. GATA2 huambatana na maambukizi ya ajabu yanayojirudia. DDX41 hujificha: mwenye nayo huishi maisha ya kawaida, na lukemia ikimpata, kwa kawaida humpata akiwa mtu mzima wa makamo au zaidi. Halafu kuna magonjwa ambayo mwili unashindwa kurekebisha DNA iliyoharibika, kama anemia ya Fanconi na ugonjwa wa Bloom.

Hata katika familia hizo, kinachorithiwa ni hatari tu. Wengi hubeba kasoro na wasiugue.

Badiliko moja linatosha kuleta lukemia?

Mara chache sana. Hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo muhimu kuliko yote katika somo hili, na namna lilivyogunduliwa inafaa kusimuliwa.

Katika nchi nyingi mtoto anapozaliwa huchomwa kisigino, na matone ya damu yake hukaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya vipimo. Karatasi hizo huweza kuhifadhiwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990, kundi la watafiti wa Uingereza likiongozwa na Mel Greaves lilichukua karatasi za watoto waliokuja kuugua lukemia baadaye, likatafuta ndani ya damu hiyo ya siku za kwanza jeni mseto ileile iliyopatikana kwenye seli za ugonjwa. Ikaonekana. Seli yenye kasoro ilikuwapo tangu mtoto akiwa tumboni.

Mapacha wa kufanana walithibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Pacha wawili walipougua wote, kromosomu zao zilikuwa zimekatika mahali palepale, herufi kwa herufi. Haiwezekani ajali hiyo itokee mara mbili kwa bahati. Maelezo ni kwamba kasoro ilitokea kwa pacha mmoja, na seli zake zikapita kwenye mishipa ya kondo la nyuma walilokuwa wakishiriki, zikaingia kwa mwenzake.

Sasa tazama upande wa pili. Jeni mseto inayoonekana zaidi katika lukemia ya utotoni ni ETV6-RUNX1. Hupatikana kwa karibu robo ya watoto wenye lukemia kali ya limfoblasti. Tafiti zimekadiria kwamba kati ya asilimia 1 na 5 ya watoto wote huzaliwa na seli chache zenye jeni hiyo. Karibu wote hukua bila kuugua. Wanaougua ni wale ambao seli hiyo ilipata mapigo mengine baada ya kuzaliwa: kwa mfano, kupoteza nakala ya ETV6 iliyobaki bila kasoro. Mara nyingi anayekata DNA hapo ni kimeng'enya cha mwili wenyewe, RAG, ambacho kazi yake halali ni kukata na kupanga upya jeni za kingamwili ili mtoto aweze kutambua vijidudu vya kila aina. Kikikata pasipo pake, seli iliyokuwa imelala huamka.

Mbona basi kuna watoto wanaougua kabla ya kutimiza mwaka?

Hao ndio wanaokaribia kuwa mfano wa badiliko moja kutosha. Wengi wao, kama asilimia 70 hadi 80 ya wenye lukemia kali ya limfoblasti, wana badiliko kwenye jeni KMT2A, iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Jeni hiyo husimamia nyingine nyingi, na ikishikana na mwenzi asiye wake inaziamuru jeni za utoto wa seli zibaki wazi wakati zilipaswa kufungwa. DNA za watoto hawa zikisomwa huonyesha mabadiliko mengine machache mno. Matibabu yao ni magumu zaidi, na ndiyo sababu dawa za kuzuia protini iitwayo menini, ambayo KMT2A yenye kasoro huitegemea, zimepokewa kwa matumaini. Ya kwanza, revumenib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao umerudi au umekataa matibabu, wakiwamo watoto kuanzia umri wa mwaka mmoja.

Ndani ya seli, mabadiliko haya yanafanya nini?

Baadhi huilazimisha seli igawanyike. Jeni FLT3 hutengeneza kipokezi kilicho kwenye ukuta wa seli, na kwa kawaida hungoja ishara kutoka nje. Kwa karibu theluthi ya wenye lukemia kali ya mieloidi, kipokezi hicho kimebadilika na kinatuma amri ya kugawanyika bila kungoja mtu. Jeni za kundi la RAS huharibika kwa namna inayofanana.

Mengine huzuia kukomaa. Kromosomu ya 8 na ya 21 zikibadilishana vipande, au ya 16 ikigeuka juu chini ndani yake, protini zinazoiongoza seli ya mieloidi kuelekea ukubwani hunyamazishwa.

Kundi la tatu hugusa alama za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA ili kuamua jeni ipi isomwe na ipi ifungwe. DNMT3A huweka alama, TET2 husaidia kuziondoa. IDH1 na IDH2 ni kisa cha pekee: zikibadilika, huanza kutengeneza kemikali ambayo seli haiijui kwa wingi huo, nayo huizuia TET2 isifanye kazi yake. Herufi zenyewe za jeni nyingine ziko salama, ila mpangilio wa kuzisoma umevurugika.

Kisha kuna TP53, ambayo nimekwisha kuitaja. Inapokuwa nzima huiamuru seli yenye DNA iliyoharibika isimame au ife. Ikiharibika, seli hukusanya makosa bila kizuizi na dawa nyingi za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, hupoteza makali, kwa sababu nazo hutegemea seli itambue kwamba imeharibiwa. Ni badiliko ambalo madaktari huliogopa, na haina faida kumficha mgonjwa hilo.

Kromosomu ya Philadelphia ndiyo ipi?

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za watu wenye lukemia sugu ya mieloidi, yaani ile inayokwenda polepole. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba kipande kilichokosekana hakikupotea: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Kabla ya hapo wanasayansi wengi waliyaona mabadiliko ya kromosomu kuwa matokeo ya saratani. Kazi ya Rowley ilisaidia kugeuza fikra hiyo.

Badiliko hilohilo hupatikana katika lukemia kali ya limfoblasti, kwa kiasi cha robo ya watu wazima na asilimia chache tu ya watoto. Zamani lilikuwa habari mbaya kupita zote. Dawa za kuzuia protini yake, BCR-ABL, kama imatinib na zilizofuata, zimebadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini hatari huongezeka kadiri mtu anavyozeeka?

Kwa kuwa makosa hukusanyika kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Seli shina ya damu hupata mabadiliko mapya kama 20 kila mwaka katika DNA yake yote. Karibu yote hayana maana. Lakini mara moja moja seli hupata badiliko linaloipa nafuu ndogo dhidi ya jirani zake, mara nyingi kwenye DNMT3A, TET2 au ASXL1, na ukoo wake ukaanza kupanuka polepole huku damu ikionekana ya kawaida kabisa kwenye vipimo. Tafiti zilizotolewa mwaka 2014 zilionyesha hali hii kwa zaidi ya mtu 1 kati ya 10 waliopita umri wa miaka 70.

Hiyo bado si lukemia. Uwezekano wa kugeuka kuwa saratani ya damu ni kama asilimia nusu hadi moja kwa mwaka, na wazee wengi huishi nayo hadi mwisho wao bila kujua. Pigo la pili likija, kwa mfano kwenye NPM1 au FLT3, ndipo ugonjwa kamili hujitokeza, na hapo huonekana kana kwamba umeibuka ghafla.

Nini huharibu DNA ya seli za damu?

Mionzi mikali ni moja. Hatari ya lukemia iliongezeka waziwazi kwa walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945. Benzini ni nyingine, kemikali inayotumika viwandani na iliyomo pia ndani ya petroli na moshi wa sigara. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya aina ya mieloidi.

Matibabu ya saratani nyingine pia yanaweza kuacha jeraha. Dawa zinazoshikamana na DNA moja kwa moja huweza kuleta lukemia baada ya miaka 5 hadi 7, na mara nyingi kromosomu ya 5 au ya 7 hukutwa imepoteza kipande au haipo. Dawa za kundi la etoposide huwahi zaidi, mwaka 1 hadi 3, zikigusa KMT2A. Hili huwapata wachache, na mtu anayehitaji kemo asiikatae kwa hofu hii: saratani iliyo mbele yake ndiyo hatari kubwa zaidi.

Kwa wagonjwa wengi, hata hivyo, hakuna kitu kinachoweza kunyooshewa kidole. Seli ilinakili vibaya, basi.

Watoto wenye hali ya Down wako katika hatari zaidi?

Ndiyo. Wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na hatari yao ya lukemia ni mara 10 hadi 20 ya watoto wengine. Baadhi huzaliwa na badiliko kwenye jeni GATA1 linalojaza blasti kwenye damu katika siku za mwanzo, kisha hali hiyo huondoka yenyewe ndani ya miezi michache. Karibu mtoto 1 kati ya 5 wa hao hupata lukemia ya mieloidi kabla ya miaka 4, kwa hiyo ni lazima waendelee kupimwa damu. Seli zao huitikia dawa vizuri kuliko za watoto wengine wenye lukemia ya mieloidi, na wengi hupona.

Kujua badiliko kunamsaidia mgonjwa, au ni elimu ya maabara tu?

Mfano bora ni lukemia kali ya promielosaiti, tawi mojawapo la lukemia kali ya mieloidi. Zamani iliua haraka kwa kutokwa na damu, wakati mwingine ndani ya siku chache. Katika miaka ya 1980, daktari Wang Zhenyi na wenzake huko Shanghai waliwapa wagonjwa dawa ya vidonge inayotokana na vitamini A. Taarifa yao ya mwaka 1988 iliwahusu wagonjwa 24, na karibu wote ugonjwa wao ulitulia. Blasti hazikuuawa kwa sumu. Zilikomaa, zikafa kifo cha kawaida cha chembe nyeupe. Maelezo yalikuja muda mfupi baadaye: kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande na kuunda PML-RARA, protini inayoshikilia kipokezi cha vitamini A na kuifungia seli njia ya kukomaa. Dawa ile huifungua. Ikiunganishwa na arseniki, ambayo nayo ilianza kutumika kwa ugonjwa huu nchini China, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wasio katika kundi la hatari kubwa hupona, wengi bila kemo ya kawaida.

Kwa kuwa damu inaweza kuvuja kwenye ubongo wakati wowote, madaktari huanza kutoa dawa hiyo pale tu wanaposhuku ugonjwa, bila kungoja majibu ya jeni.

Dawa lengwa nyingine zimefuata: midostaurin na gilteritinib kwa FLT3, ivosidenib kwa IDH1, enasidenib kwa IDH2. Hakuna iliyofikia mafanikio ya PML-RARA, lakini kila moja ni njia ya ziada kwa mtu aliyekuwa na njia chache.

Ripoti imeandikwa t(8;21). Inasomwaje?

Herufi t inaonyesha kuhama kwa vipande, na namba ni za kromosomu zilizobadilishana. Inv ni kipande kilichogeuka. Del, au alama ya kutoa, ni kilichopotea. Alama ya kujumlisha ni kilichoongezeka. Kwa hiyo t(8;21), inv(16) na t(15;17) katika lukemia ya mieloidi huashiria ugonjwa unaoitikia matibabu vizuri zaidi; kukosa kromosomu ya 7, au kuwa na mabadiliko mengi kwa pamoja, huashiria ugumu. "Kromosomu za kawaida" haimaanishi jeni za kawaida, maana darubini haioni badiliko la herufi chache. NPM1 na FLT3 huhitaji kipimo kingine. Muulize daktari kama kimefanyika.

Kwa nini ugonjwa hurudi baada ya kutulia?

Seli za lukemia si za aina moja. Zote zimetoka kwa bibi mmoja, lakini njiani koo zimegawanyika, kila moja na mabadiliko yake. Dawa ikiua ukoo mkubwa, mdogo uliokuwa umejificha unaweza kukua. Ndiyo maana baada ya matibabu hupimwa mabaki yasiyoonekana kwa darubini, kwa njia zinazoweza kuipata seli moja ya ugonjwa kati ya 10,000 au hata zaidi. DNMT3A ikiendelea kuonekana peke yake usikate tamaa, kwani mara nyingi ni ule ukoo wa zamani usio lukemia. NPM1 ikirudi kuonekana, hilo ni onyo la kweli.

Ndugu wa mgonjwa wapimwe jeni?

Si kila familia. Inafaa ikiwa ndugu kadhaa wamewahi kuugua saratani ya damu, ikiwa ukoo una historia ya chembe sahani pungufu au saratani za ujanani, au ikiwa kipimo cha mgonjwa kimeonyesha badiliko kwenye jeni kama RUNX1, CEBPA au DDX41 linaloweza kuwa la kurithi. Kulithibitisha huhitaji sampuli isiyo na damu ya ugonjwa, kwa kawaida kipande kidogo cha ngozi. Mate hayaaminiki sana hapa, kwa sababu yana chembe nyeupe ndani yake.

Jambo hili lina haraka yake pale upandikizaji wa uboho unapopangwa. Ndugu wa tumbo moja ndiye mtoaji anayetafutwa kwanza, na anaweza kuwa mzima wa afya huku akibeba kasoro ileile ya kurithi. Uboho wake ukitumika, mgonjwa atakuwa amerudishiwa jeni iliyomfikisha hapo. Kwa hiyo, palipo na shaka, mtoaji hupimwa jeni hiyo kabla ya uboho wake kuchukuliwa.